Mabati ya Mgeni

"Mimi naichukua hivi hivi ilivyo," alisema Bwana Gregori. Alikuwa amesimama uwanjani, kofia mkononi, macho yakipanda taratibu kwenye makuti yaliyooza. "Mke wangu Margareth ameshaipenda. Ina uani mpana, ina mikorosho, kisima kipo karibu. Paa nitaliezeka mwenyewe pole pole."

"Hapana, bwana afya," Salehe alijibu. "Siuzi nyumba inayovuja mimi. Nipe muda kidogo. Ukirudi utaikuta na mabati juu, kuta zimekandikwa upya na kupakwa chokaa. Hapo ndipo tutazungumza."

"Ukishaweka mabati si utanipandishia?"

"Nitakupandishia, ndiyo. Lakini utalala usingizi."

Wanaume wale wawili walicheka. Nyuma ya mlango, ambako Siwema alikuwa ameketi na ungo wa mchele mapajani, hakukuwa na kicheko. Aliposikia neno mabati, vidole vyake viliacha kuchambua.

Mabati! Tangu siku alipoingia katika nyumba ile ya Kisarawe akiwa bibi harusi, alikuwa akimwomba mumewe mabati. Alimwomba kwa maneno matamu, alimwomba kwa kununa, alimwomba kwa kunyamaza. Kila masika yalipoingia alisukuma kitanda kutoka pembe hii hadi pembe ile, akapanga masufuria na mabakuli sakafuni kukinga matone. Na kila masika Salehe alimjibu neno moja: mwakani. Leo nyumba inauzwa, na huo mwakani ndio umefika.

Bwana Gregori alipokwisha kuaga, Salehe alisogea hadi mlangoni akabisha hodi. Hakuvuka kizingiti. Tangu alipomwacha Siwema hakuwahi kukivuka. Alilala kwa rafiki yake fundi Shomari, akaja mchana tu, tena akisimama nje kama mchukuzi wa maji.

"Umesikia?" aliuliza.

"Nimesikia. Iuze kama ilivyo, Salehe."

"Kwa nini? Nusu ni yako. Ikiwa nzuri, nawe utapata kitu cha maana."

"Sitaki kitu cha maana. Nataka jambo hili liishe."

"Siwema..."

"Mimi nimelala humu nikisikiliza maji yakidondoka, hukuona duka la mabati. Kaja mtu wa mbali, hata baba yake humjui, ndiye unayemwezekea asilowe. Mimi nilikuwa nani humu ndani? Nilikuwa kuku?"

Salehe aliinamisha uso. Alikuwa mwanamume mrefu, mwenye mabega mapana ya dereva wa lori, na ulimi mzito kuliko mabega yake. Alipoinua macho, Siwema aliona macho yale yale ya kijana aliyekwenda kumposa Maneromango akiwa amevaa shati la kuazima. Moyo ulimruka, akaukasirikia moyo wake kwa kuruka.

"Niachie niitengeneze," Salehe alisema kwa sauti ya chini. "Nakuomba hilo tu."

"Uitengeneze ya nini?"

"Niachie tu."

"Haya, fanya utakavyo. Nyumba yako."

"Yetu."

"Ilikuwa," alijibu Siwema, akarudisha mlango.

Talaka ile ilikuwa ya pili. Ya kwanza Salehe aliitoa kwa hasira za ujana, na kabla wiki haijaisha akamrejea mkewe, akaja na doti ya kanga mkononi na machozi machoni. Ya pili ilikuwa habari nyingine kabisa. Ilitolewa Visiga, nyumbani kwa mama yake, Bi Zubeda, mchana kweupe, barazani, watu wakiwa wamekaa. Bi Zubeda alikuwa amechoka kungoja mjukuu. Alimwambia mwanawe, "Chagua leo. Ama radhi zangu, ama huyo tasa wako." Salehe alikuwa mtoto wake wa pekee. Aliinama, akatamka. Siwema wakati huo alikuwa jikoni akikuna nazi, akiwapikia watu wale wale waliokuwa wakisikiliza anavyoachwa.

Wazee wa pande mbili walikaa wakaamua. Nyumba ya Kisarawe, ambayo nusu ya miti yake ilinunuliwa kwa korosho za Siwema, iuzwe, wagawane. Siwema akae humo mpaka amalize eda yake, kisha kaka yake, Mwinyijuma, aje kumchukua ampeleke kwao Maneromango.

Na ndani ya eda, mlango ulikuwa haujafungwa. Hilo Siwema alilijua kama alivyojua jina lake. Salehe alikuwa na haki ya kutamka neno moja tu, nimekurejea, na hapo hapo Siwema angekuwa mkewe tena, bila mahari, bila shehe, bila kumwomba mtu ruhusa. Lakini eda ikiisha kabla hajalitamka, basi amekuwa mwanamume wa kando, sawa na Bwana Gregori na mpita njia yeyote.

Mtu pekee aliyezungumza naye habari hizo alikuwa somo yake, Bi Mwanamvua, yule aliyemfunda alipokuwa mwali. Bibi huyo alikuja jioni ile ile, akavua viatu, akaketi mkekani, akauliza bila kuzunguka.

"Umeziona mara ngapi?"

"Mbili, somo."

"Basi zikija za tatu, umetoka. Mwenyewe anajua?"

"Wanaume wanayajua haya?"

"Hawayajui. Wakisikia eda ya talaka, wanakwenda ukutani wanahesabu miezi mitatu kwenye kalenda, kama mtu anayengoja mshahara. Hawajui kwamba miezi mitatu ni ya mwanamke asiyeziona siku zake. Wewe unaziona, wewe hesabu yako iko mwilini. Mwambie."

"Mimi?" Siwema alishtuka. "Nisimame mbele yake nimwambie fanya haraka, siku zangu zinakaribia? Si wewe uliyenifundisha kwamba haya hayatajwi kwa mwanamume?"

"Nilikufundisha hujaachwa."

"Somo, mimi nataka arudi kwa sababu ananitaka. Sitaki arudi mbio mbio kama abiria anayeona gari linaondoka."

Bi Mwanamvua alitikisa kichwa. "Kiburi hicho kitakulaza peke yako, mwali wangu."

"Nimeshazoea kulala peke yangu."

"Hujazoea. Mtu aliyezoea hakondi hivi." Akanyoosha miguu yake iliyochoka. "Haya. Ipo njia ya wakubwa. Habari ya mwanamke aliye katika eda hupelekwa kwa mama wa mwanamume, na mama humfikishia mwanawe. Ndivyo tulivyofanya siku zote, mtu hadhaliliki. Bi Zubeda akifika huku, nitamwambia mimi."

Siwema alitaka kukataa. Midomo ilifunguka, lakini kukataa hakukutoka.

Kazi ilianza. Salehe alileta mabati kidogo kidogo, kila lori lake liliporudi kutoka mjini, na fundi Shomari akapanda juu kuezua makuti. Waliezua upande mmoja, wakauezeka, ndipo wakahamia wa pili, ili Siwema asikose pa kulala hata siku moja. Shauri hilo lilikuwa la Salehe. Shomari alilalamika kwamba linarefusha kazi, Salehe akamwambia irefuke.

Chini, Siwema na Bi Mwanamvua walikanyaga udongo wa kukandikia kuta. Siwema alikuwa ameapa hatatia mkono katika kazi ya kumpambia mgeni nyumba. Lakini nani awezaye kukaa anatazama tu kuta zake zikikandikwa na watu wengine? Siku ya pili tu alikuwa amepandisha kanga, miguu imezama hadi vifundoni.

"Shemeji!" Shomari alipiga kelele kutoka juu. "Huyu bwana wako msumari mmoja anaupiga mpaka jua linageuka. Anaogopa kazi itaisha!"

"Si bwana wangu," Siwema alijibu.

"Si wako? Basi kama hana mwenyewe tumnadi sokoni. Haya jamani, bwana mrefu, ana leseni ya lori, hali sana, anakoroma kidogo!"

"Kidogo?" Neno lilimponyoka Siwema kabla hajalikamata.

Wote walicheka. Bi Mwanamvua alicheka mpaka akashika ukuta mbichi, akaacha alama ya kiganja. Salehe naye, aliyekuwa amekalia boriti, alicheka, akatazama chini, na Siwema akawa anatazama juu. Kicheko kilikatika kwa wote wawili kwa pamoja. Siwema alirudi kukanyaga udongo, lakini masikio yalikuwa yanawaka moto.

Mchana mmoja bati lilimteleza Salehe likamkata kiganja. Alishuka haraka, damu ikimtiririka hadi kwenye kiwiko. Shomari alikuwa amekwenda kununua misumari na Bi Mwanamvua alikuwa msalani. Uani walikuwa wao wawili tu. Siwema alichana kipande cha kanga kuukuu, akakichovya katika maji ya chumvi, akamletea.

"Nifunge," Salehe alisema.

Siwema alinyoosha kitambaa, akakishika kwa ncha ya upande mmoja. "Jifunge mwenyewe. Unajua siwezi kukushika."

"Najua."

Alikipokea kwa ncha ya pili. Alijaribu kufunga kwa mkono mmoja, kikafunguka. Akajaribu kwa meno, kikafunguka tena. Siwema alisimama karibu naye kiasi cha kusikia pumzi zake, mikono ameifumbata nyuma, kucha zikimchoma viganjani. Neno moja tu. Akilitamka sasa hivi, mimi namfunga mkono huu, nauosha, nauweka shavuni pangu. Neno moja, ewe mwanamume!

Salehe aliinua uso. Midomo yake ilicheza.

"Bado kidogo, Siwema," alisema.

"Bado kidogo nini?"

Aligeuza macho kwenye paa. "Kazi. Bado kidogo kazi iishe."

Bi Mwanamvua akakohoa kwa mbali, na Siwema akaondoka kwenda jikoni akiwa na kitu kifuani ambacho hakutaka kukiita tumaini. Siku zilizofuata kilikua bila kumwagiliwa. Aliona Salehe akirudia kupigilia bati lililopinda kidogo, ambalo mnunuzi asingeliona kamwe. Alimsikia akibishana na Shomari kwamba chumba cha kulala kipakwe chokaa mara mbili. Hata Shomari alimnong'oneza akipokea maji ya kunywa, "Mie simo, shemeji. Ila mtu hapigi mabati namna hii kwa ajili ya bwana afya."

Basi pengine nyumba hii haiuzwi, Siwema alijiambia. Pengine ananiezekea mimi. Pengine anangoja paa liishe, anirejee chini yake. Akaanza kuimba akikandika.

Ndipo Bi Zubeda alipokuja kutoka Visiga.

"Shikamoo, mama," Siwema alimwamkia, amepiga magoti.

"Marahaba." Bibi hakumtazama. Alitazama paa linalong'aa juani, akafunika macho kwa mkono. "Mabati mapya juu ya nyumba ya kuuza. Mwanangu kapotewa na akili."

"Karibu ndani, mama."

"Nimekuja kumwona mwanangu, sikuja kukaa."

Lakini Bi Mwanamvua alimshika mkono kwa heshima, akamvuta uani, wakakaa juu ya mkeka wao wawili. Kutoka jikoni Siwema aliviona vile vitambaa viwili vya kichwani vimekaribiana, na sauti ya somo yake ikienda chini, ikisema yale yasemwayo chini. Alimwona Bi Zubeda akitikisa kichwa kukubali, mara moja, mara mbili. Ameelewa.

Salehe alimsindikiza mama yake hadi kwenye kituo cha basi. Siwema alisimama dirishani. Aliwaona wakitembea bega kwa bega, mama akizungumza, mwana akiitikia. Aliporudi, Salehe alikuwa anapiga mluzi.

Ameambiwa, Siwema alijisemea.

Siku ile Salehe hakusema kitu. Kesho yake alipaka chokaa, hakusema kitu. Kesho kutwa alikwenda safari ya mjini, akarudi, akauliza kama msumeno uliachwa uani, akaaga. Siwema alingoja kila aliposikia hatua zake, alingoja kila alipokohoa. Na kwa kila siku iliyopita, wimbo ulimpungua mdomoni mpaka ukaisha. Ameambiwa, na hataki. Mabati ni ya mgeni, kama alivyosema mwenyewe tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyejidanganya.

Alfajiri moja aliamka kwa ajili ya sala, akatandika msala wake katika chumba kile kinachonuka chokaa mbichi. Kabla hajatia udhu, alijua. Alisimama gizani, mkono tumboni, akisikiliza mwili wake ukimpa habari ambayo hakuna kalenda iliyoipata. Kisha akaukunja msala, akaurudisha mahali pake, akaketi ukingoni mwa kitanda. Hakulia. Kulipopambazuka alimwita Bi Mwanamvua.

"Zimekuja, somo."

Bi Mwanamvua alifunga macho. "Inna lillahi," alisema, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. "Nimpelekee salamu kaka yako?"

"Mpelekee. Aje anichukue."

Mwinyijuma alifika baada ya siku mbili, mtu mzima, mpole, mwenye ndevu zilizoanza mvi, akaketi barazani akinywa kahawa wakati dada yake akifunga vitu vyake. Hakuuliza mengi. Alipokuwa katika kikombe cha pili, Salehe alitokea njiani amevaa kanzu iliyopigwa pasi, tofauti kabisa na nguo zake za kazi, na chini ya kwapa amebana bahasha kubwa ya duka. Nyuma yake alikuwa Shomari, naye amevaa kofia safi, akitabasamu kama mtu anayejua siri.

"Asalaam alaykum, shemeji Mwinyijuma! Umekuja siku njema kweli kweli. Hata sikuwa nimekupelekea habari." Salehe alicheka kwa furaha. "Siwema! Siwema, toka nje. Paa limekwisha. Njoo uone."

Siwema alitoka. Alipofika mlangoni, kabla hajainua macho, aliishika kanga yake ya kichwani kwa mikono miwili, akaivuta mbele, akajifunika uso ukabaki jicho moja. Hakuwahi kumfunikia uso Salehe, tangu usiku wa harusi yao.

Salehe alisimama katikati ya uwanja. Tabasamu lilibaki usoni mwake, lakini lilikuwa limekosa mtu wa kulishika.

"Mbona unajifunika?"

Siwema alibaki kizingitini.

"Siwema, nimekuja na shahidi. Na kaka yako yupo, bora zaidi." Alifungua bahasha, doti mpya ya kanga ikaonekana. "Nimekurejea. Mbele ya hawa, nimekurejea."

"Umechelewa, Salehe."

"Nimechelewa wapi? Nimehesabu. Bado wiki nzima miezi mitatu haijatimia. Nimeweka alama ukutani kwa Shomari, muulize!"

"Ni kweli, shemeji," alisema Shomari. "Kila asubuhi anaitazama ile kalenda."

"Eda yangu haimo katika kalenda ya Shomari," alisema Siwema. "Imeisha. Imeisha juzi."

Mwinyijuma aliweka kikombe chini. Salehe alimtazama Shomari, akamtazama Mwinyijuma, akamtazama Bi Mwanamvua aliyekuwa amesimama pembeni mwa nyumba, na katika nyuso zote hakupata wa kumwambia kwamba si kweli.

"Juzi," alisema. "Juzi nilikuwa hapa! Nilikuwa hapa hapa napaka chokaa. Ungeniambia, Siwema! Kwa nini hukuniambia?"

"Uliambiwa."

"Na nani?"

"Mimi nilimwambia mama yako," alisema Bi Mwanamvua. "Siku ile alipokuja. Nilimwambia siku zilizobaki si nyingi, amwambie mwanawe kama analo neno aliseme. Akaniitikia."

Ile kanga mpya ilikuwa inamteleza mkononi wala hakuisikia. Siwema, kwa jicho lake moja, aliona jinsi uso wa mwanamume yule ulivyobadilika, akafahamu sasa hivi, yeye naye akiwa amechelewa, kwamba hakuwa ameambiwa. Ule mluzi ulikuwa mluzi wa mtu asiyejua kitu. Zile siku zote alizomlaani, mwenzake alikuwa anatazama kalenda na kutabasamu. Akashika mwimo wa mlango.

"Basi nakutaka upya," Salehe alisema ghafla. Alimgeukia Mwinyijuma, akapiga magoti mchangani na kanzu yake safi. "Kaka, nipe dada yako. Ndoa mpya, mahari mpya, leo hii. Nimekosea kuhesabu tu. Sikukosea kumpenda."

Mwinyijuma alimtazama kwa huruma. "Simama, bwana. Mimi nimekwisha kukupa dada yangu, na umemrudisha mara mbili. Lakini sitakuwa mimi wa kusema hapana. Niambie kwanza kitu kimoja. Ukimchukua, mtakaa wapi? Humu?"

Salehe aliinua macho akatazama mabati.

"Mtakaa humu?" Siwema alirudia swali mwenyewe, sauti ikitoka nyuma ya kanga.

"Nyumba nimekwisha kumpa neno Bwana Gregori," alisema Salehe. "Ndiyo maana niliitengeneza, Siwema. Nilitaka tuiuze vizuri, tupate kujenga Visiga. Uwanjani kwa mama. Nitakujengea chumba cha mabati pale, kikubwa kuliko hiki, na mlango wake mwenyewe. Mama amezeeka, hana mtu mwingine. Nilitaka nikurejee chini ya paa ulilokuwa ukiliomba, ulione, ujue kwamba sikusahau. Kisha twende."

"Na mama yako? Umemwambia kwamba unanirejea?"

"Ningemwambia tukifika."

"Tukifika."

"Atazoea, Siwema. Ni mama tu yule. Atakuzoea."

"Alijua siku zangu zinaisha, Salehe. Alijua, akakaa nazo moyoni mwake mpaka zikaisha."

"Ni mama," alisema Salehe, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba asisukumwe zaidi. "Nimfanyeje? Nimtupe?"

Siwema alimtazama. Alimpenda. Alimpenda pale alipopiga magoti, na kovu la bati kiganjani, na chokaa iliyobaki katika nyusi zake ingawa alikuwa ameoga. Hakuna hata siku moja, katika zile za masufuria na matone, aliyompenda kuliko siku hiyo. Na pale pale, bila kupepesa, aliiona miaka inayokuja: chumba kizuri, mlango wake mwenyewe, na kila asubuhi mwanamke mmoja barazani akimtazama tumbo.

"Dada," Mwinyijuma aliita. "Umemsikia. Mwali akiulizwa akinyamaza, huwa amekubali. Wewe umekwisha kuolewa, kwako kimya si ridhaa. Nahitaji kuisikia sauti yako. Unamtaka bwana huyu akuoe?"

Siwema alivuta pumzi. Ndiyo ilikuwa pale pale, kooni, imesimama tayari, nyepesi, neno dogo kuliko yote aliyowahi kusema. Hapana nayo ilikuwa kando yake, wala haikuwa nzito zaidi.

"Siwema," alisema Salehe. "Sema. Sema lolote."

Bi Mwanamvua aligeuza uso. Shomari alivua kofia yake, hakujua aiweke wapi.

"Dada, nakuuliza mara ya pili."

Kanga iliyokuwa usoni pa Siwema ililowa mbele ya mdomo kwa pumzi zake, ikaingia na kutoka, ikaingia na kutoka. Midomo ilionekana ikicheza chini ya kitambaa. Hakuna sauti iliyotoka.

Mwinyijuma alingoja sana, kwa uvumilivu wa mtu anayemtakia dada yake mema. Kisha aliinuka, akaingia ndani, akatoka na sanduku begani na mkeka uliokunjwa mkononi, akamwonyesha dada yake njia kwa kichwa. Siwema alishuka barazani, akapita kando ya Salehe kwa umbali ambao mwanamke humpitia mwanamume wa kando, akamfuata kaka yake.

Salehe alikuwa bado amepiga magoti. Hakugeuka kuwatazama. Alikuwa ameuelekeza uso wake mlangoni, pale aliposimama Siwema, shingo ameiinamisha kidogo upande mmoja, akisikiliza.